Dunlop alitafuta raha, akakuta kasi

Kuna kosa wengi wetu tunalifanya. Una safari ndefu, unapeleka baiskeli kwa fundi, unamwambia ajaze upepo mpaka tairi ligome kubonyea. Tairi gumu linakimbia, si ndiyo? Kwenye lami laini, sawa. Kwenye vumbi na mawe, historia inakupinga.

Miaka ya 1860 baiskeli zilikuwa na magurudumu ya mbao yaliyozungushiwa bamba la chuma. Waingereza waliziita kitikisa mifupa, na wala hawakuwa wanatia chumvi. Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alikuwa ameshapata hataza ya tairi la upepo tangu 1845, ila alilenga magari ya farasi, na watu wakamsahau.

Miaka zaidi ya 40 baadaye, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alitaka kumpunguzia mwanawe mtikisiko wa baiskeli ya magurudumu matatu. Akazungushia duara la mbao mpira uliojazwa upepo, akaliviringisha uani kulishindanisha na gurudumu la kawaida la baiskeli ile. La kawaida likaishiwa nguvu, likalala. Lake likavuka ua mzima, likagonga nguzo ya lango na kurudi. Mwaka 1889 Willie Hume alipanda baiskeli yenye matairi hayo kwenye mashindano hapo Belfast, akawaacha wenzake.

Sasa fikiria fizikia yake. Tairi gumu likikutana na kokoto, haliwezi kuimeza, kwa hiyo linainua baiskeli pamoja na wewe juu yake. Kila unaponyanyuliwa, sehemu ya nguvu uliyoitia kwenye pedali inapotea. Tairi la upepo linabonyea pale penye kokoto tu, kisha linarudi umbo lake, na wewe unaendelea mbele. Ulaini na kasi, kumbe, ni ndugu.

Vijana wa Marin County, California, walilijua hilo kwa mwili. Kuanzia 1976 walishindana kushuka njia ya vumbi iliyoitwa Repack, na walichagua baiskeli za kizamani za Schwinn, nzito kama nini, kwa sababu zilibeba matairi manene ya inchi 2.125 yaliyoanza kuuzwa 1933. Hawakuwa na shokapu hata moja.

Shokapu ya mbele ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, RS-1 ya kampuni ya RockShox. Ilibonyea kama sentimita 5 hivi, na ndani yake, pamoja na oili, springi ilikuwa nini? Upepo tena! Mwaka 1990 Greg Herbold aliitumia kushinda mbio za kuteremka za ubingwa wa dunia kule Durango, Colorado.

Baiskeli ya milimani ya aina ya haditeli ndiyo hiyo: shokapu mbele, nyuma fremu kavu. Watu hutumia hela nyingi kwenye uma wa mbele, halafu wanalalamika kiti kinawapiga. Nyuma, shokapu yako ni tairi, na magoti yako ukisimama kwenye pedali. Basi weka tairi pana kadiri fremu inavyoruhusu, upunguze upepo kidogo kidogo huku ukijaribu njia ileile. Ukizidisha, jiwe litaibana tyubu kwenye ringi na utapata matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona hayo, ongeza upepo kidogo tu.