Lettow-Vorbeck: Jenerali aliyeagiza farasi Naivasha kabla ya vita

PAUL von Lettow-Vorbeck, ofisa wa Kijerumani aliyewasumbua Waingereza Afrika Mashariki tangu 1914 hadi 1918, hakuwahi kuyafikisha majeshi yake chini ya Mlima Longonot. Hata hivyo, jina lake lilijulikana katika sehemu hizo za Bonde la Ufa kabla ya risasi ya kwanza kulia.

Desemba 1913 alisafiri kwa meli moja na Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyekuwa akija Kenya kuolewa. Ofisa huyo alimwomba amnunulie farasi majike kumi wa Kihabeshi. Katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichochapishwa 1937, Blixen alieleza kwamba alikwenda kuwanunua Naivasha, lakini vita vilizuka kabla hawajapelekwa.

Ununuzi huo ulimfanya ashukiwe kuwa rafiki wa Wajerumani. Hata hivyo, vita vilipoanza ni yeye aliyesimamia msafara wa magari ya maksai kutoka stesheni ya Kijabe, jirani na Longonot, kuwapelekea mahitaji wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wakilinda mpaka.

Lettow-Vorbeck alizaliwa Machi 20, 1870 mjini Saarlouis. Alipigana China mnamo 1900, kisha akapelekwa Afrika Kusini-Magharibi, ambayo sasa ni Namibia, wakati Wajerumani walipokuwa wakiwaangamiza Waherero na Wanama. Mauaji hayo Ujerumani ilikiri rasmi mwaka wa 2021 kuwa yalikuwa ya kimbari. Huko alijeruhiwa jicho.

Januari 1914 aliwasili Dar es Salaam kuongoza jeshi la koloni. Vita vilipoanza mnamo Agosti, alikuwa na Wazungu wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Pengo hilo lilizibwa kwa kuandikisha askari zaidi na kwa kuwaita walowezi waliokuwa maofisa wa akiba au wastaafu. Miongoni mwao alikuwa Kapteni Tom von Prince, mkulima wa Usambara ambaye zamani alipigana na Mkwawa wa Wahehe. Prince aliuawa Tanga Novemba 4, 1914.

Katika vita hivyo vya Tanga, jeshi la Lettow-Vorbeck la watu wapatao 1,000 liliwarudisha baharini wanajeshi wapatao 8,000 walioletwa kutoka India. Hata nyuki walichangia fujo, wakiwashambulia wapiganaji wa pande zote mbili.

Upande wa Kenya, Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Kutoka huko vikosi vidogo vilipenya nyika ya Tsavo na kulipua Reli ya Uganda, ile ile inayopanda hadi Longonot, Naivasha na Nakuru. Uvamizi huo ulikoma Machi 1916, Jenerali Jan Smuts alipowafukuza kutoka eneo la Kilimanjaro.

Shabaha ya Lettow-Vorbeck haikuwa kuiteka Kenya. Alijua kwamba koloni lake lisingeweza kupata msaada kutoka Ulaya. Alikusudia kuwashughulisha maadui wengi iwezekanavyo ili wasipelekwe Ufaransa. Kwa hiyo alipigana, akarudi nyuma, akapigana tena. Novemba 1917 alivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji. Mwaka uliofuata aliingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia.

Aliweka silaha chini mjini Abercorn, sasa Mbala, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya. Alibakiwa na Wajerumani 155 na askari zaidi ya 1,100. Machi 1919 alipokewa Berlin kama shujaa ambaye hakushindwa.

Sifa hiyo ilikuwa na gharama, na waliolipa si waliopigiwa makofi. Mizigo ya majeshi yote mawili ilibebwa vichwani, kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Katika Ugogo, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na mifugo, na njaa iliyofuata iliangamiza maelfu ya watu.

Kazi ya kijeshi ya Lettow-Vorbeck ilikatika 1920, baada ya kuunga mkono jaribio la kuipindua serikali ya Ujerumani. Alikuwa mbunge kuanzia 1928 hadi 1930. Mnamo 1939, akikaribia miaka 70, alipewa cheo cha heshima cha jenerali, lakini hakupewa jeshi la kuongoza katika Vita vya Pili vya Dunia. Wanawe wawili waliuawa katika vita hivyo.

Alirudi Afrika Mashariki 1953 na kulakiwa Dar es Salaam na askari wake wa zamani. Alifariki Hamburg Machi 9, 1964. Mwaka huo Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake waliokuwa bado hai, karibu nusu karne baada ya vita.

Wapagazi wa Kenya hawakupata hata hicho. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa sawasawa au familia hazikutafutwa. Sanamu ya wanajeshi na mpagazi iliyozinduliwa Nairobi mwaka wa 1928 ingalipo katika barabara inayoitwa sasa Kenyatta. Kikosi chao nacho kimeacha jina mtaani: Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam.