Kununua na Kumiliki: Habari ya Michezo ya Kompyuta na Maduka Yasiyo Mlango

Kununua ni tendo la zamani katika maisha ya watu. Mnunuzi hutoa fedha, muuzaji hutoa kitu, na baada ya hapo kila mmoja hushika njia yake. Aliyenunua jembe halazimiki kumwomba mhunzi ruhusa kila asubuhi aendapo shamba. Akichoka nalo humpa ndugu, akifa huwaachia watoto. Maana ya kununua imo katika uhuru huo, wala haimo katika fedha peke yake. Lakini katika miaka yetu limezuka duka la namna mpya, lisilo mlango wala rafu, ambalo huuza kitu kisichoshikika mkononi, na mnunuzi wake hana hakika kama amenunua au amekodi. Watu waliobishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu na kwa ukali ni wachezaji wa michezo ya kompyuta. Huenda msomaji akasema kuwa mchezo ni jambo dogo. Namwomba avumilie kidogo, maana vitu vidogo aghalabu hutangulia kupita katika mlango ambao vikubwa vitapita baadaye.

Hapo kwanza mchezo ulikuwa kitu. Nintendo ilipotoa mashine yake ya Famicom huko Japani mwaka 1983, mchezo ulikaa katika kaseti ndogo ya plastiki. Miaka ya baadaye ukakaa katika sahani. Mwenye kaseti alikuwa na mchezo. Aliweza kumwazima jirani, kuubadilisha kwa mwingine, au kuuuza ili apate fedha ya kununua mpya. Katika Marekani desturi hii ilikuwa na nguvu ya sheria iliyotokana na kitabu. Wachapaji Bobbs-Merrill waliandika ndani ya kitabu chao kwamba mtu asikiuze kwa bei iliyo chini ya dola 1. Duka moja la New York likakiuza kwa senti 89. Mwaka 1908 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba mwenye haki ya kunakili, akiisha kuuza nakala, hana amri tena juu ya bei itakayouzwa baadaye. Juu ya msingi huo yalisimama maduka ya vitabu vikuukuu, na baadaye maduka ya michezo iliyokwisha chezwa.

Fikira ya kupeleka mchezo kwa waya nayo si changa. Mwaka 1983 ilikuwapo GameLine, iliyopeleka michezo ya Atari 2600 kwa njia ya simu. Mwaka 1994 Sega ilipeleka yake kwa waya za televisheni, na mwaka 1995 Nintendo ilitumia setilaiti huko Japani. Huduma hizi zilikuwa za kukodi au za kusikiliza matangazo, na watu walizijua kuwa hivyo. Mashine ya Sega ilipozimwa, mchezo ulitoweka, na hapana mtu aliyelia kwamba ameibiwa, maana hakuambiwa kuwa amenunua.

Mabadiliko makubwa yalianza tarehe 12 Septemba 2003, kampuni ya Valve ya Marekani ilipofungua Steam. Mwanzoni haikuwa duka hasa, bali njia ya kurekebisha michezo ya kampuni yenyewe na kuwazuia wadanganyifu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, Valve ilitoa Half-Life 2, mchezo uliokuwa ukingojewa kwa hamu kubwa. Watu walikwenda madukani, wakanunua sanduku lenye sahani, wakarudi nyumbani kwa furaha. Na huko wakaambiwa kuwa sahani peke yake haitoshi, sharti wafungue akaunti ya Steam na kupata idhini kwa intaneti. Wengi siku hizo walikuwa na intaneti ya simu iendayo polepole, na wengine hawakuwa nayo kabisa. Mitambo ya Steam ikazidiwa na umati. Manung'uniko yalikuwa makubwa. Wachezaji waliuliza swali ambalo halijapata jibu la kuwaridhisha wote hata leo: kama nimelipa, na kitu ki mkononi mwangu, ruhusa ya nini tena? Wenye kutazama mbali wakaongeza la pili: siku mitambo hiyo itakapofungwa, sahani hii itakuwa nini?

Ajabu ni kwamba kwa watu wengi chuki hiyo iligeuka kuwa mapenzi. Steam iliuza michezo ya kampuni nyingine, ikapunguza bei sana kwa misimu, na ikawapa soko watengenezaji wadogo ambao maduka ya mjini yasingewapa hata nafasi ya sanduku moja. Kompyuta ikiharibika, mchezo haukupotea. Mtu alinunua kompyuta nyingine, akaingia katika akaunti yake, akaikuta mali yake yote inamngoja. Kuanzia Juni 2015 aliyejuta aliweza kurudishiwa fedha ndani ya siku 14, madhali hajacheza zaidi ya saa 2. Gabe Newell, mmoja wa waanzilishi wa Valve, alishikilia kuwa wizi wa michezo huletwa na huduma mbaya kuliko bei kubwa. Wachezaji wengi walikubaliana naye, na wapo waliokiri kuwa waliacha kunakili kwa siri kwa sababu kununua kumekuwa rahisi kuliko kuiba. Insaf inatutaka tuyaseme haya waziwazi. Duka lisilo mlango halikushinda kwa hila tu. Lilishinda kwa sababu lilimfaa mteja.

Walakini palikuwa na watu ambao manufaa hayo hayakuwatuliza. Mwaka 2008 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilifungua duka liitwalo GOG, likaanza kwa kuuza michezo ya zamani isiyo na kufuli. Mnunuzi alipakua mchezo, akauweka apendapo, na hakuhitaji idhini ya mtu kuucheza. Duka hili halikupata ukubwa wa Steam, lakini kudumu kwake kulithibitisha kwamba kufuli si sharti la biashara. Kuanzia hapo wachezaji waligawanyika makundi matatu: walioridhika na urahisi, waliotaka nakala isiyo kufuli, na waliosema kuwa hawataacha sanduku na sahani mpaka mwisho.

Makundi haya yaligongana mwaka 2013. Mwezi wa Mei Microsoft ilitangaza mashine ya Xbox One, na ikafahamika kwamba mashine hiyo itahitaji kuungana na intaneti walau mara moja katika kila saa 24, na kwamba kuuza au kuazimana sahani kutawekewa masharti. Wachezaji walighadhibika. Tarehe 10 Juni, huko Los Angeles, Sony ilitangaza kuwa mashine yake haitakuwa na vizuizi hivyo, na ikaonyesha filamu fupi sana ya namna ya kuazimana mchezo: mtu mmoja anampa mwenziwe sanduku, basi. Tarehe 19 Juni Microsoft ilirudi nyuma. Wengi walishangilia, lakini wako waliosikitika, kwa maana pamoja na masharti yale iliondoka ahadi ya kushirikiana maktaba ya michezo na watu kumi wa jamaa. Basi hata siku ile ya ushindi, maoni hayakuwa mamoja.

Miaka iliyofuata iliwapa hoja wale wenye hofu. Mchezo wa Scott Pilgrim vs. the World, uliotoka mwaka 2010, uliondolewa madukani mwaka 2014, na kwa kuwa haukuwa na sahani, haukupatikana tena kwa njia ya halali mpaka Januari 2021. Mwaka 2015 uliondolewa P.T., mchezo mfupi wa kutisha uliotolewa bure mwaka mmoja kabla; aliyeufuta katika mashine yake hakuweza kuupakua tena, na watu wakaanza kuuza mashine zilizobaki nao kwa bei kubwa. Tarehe 30 Januari 2019 Nintendo ilifunga duka la mashine ya Wii. Mwezi wa Machi 2021 Sony ilitangaza kufunga maduka ya mashine zake tatu za zamani. Kelele zilipozidi, mwezi uliofuata ikayaacha mawili. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilisimamisha mauzo katika maduka ya Wii U na 3DS, ingawa waliokwisha nunua waliachiwa kupakua walivyolipia. Katika mwaka huo huo shirika la Video Game History Foundation lilichunguza michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, likaona kwamba asilimia 87 haipatikani tena sokoni. Wazee walitwambia: usiache mbachao kwa msala upitao. Wenye sahani zao rafuni waliielewa methali hii bila kufundishwa.

Tukio lililotia moto kuliko yote ni la mchezo wa The Crew. Ubisoft iliutoa Desemba 2014, ukauzwa hata katika sahani. Lakini haukuweza kuchezwa pasipo seva za kampuni, hata kwa mtu achezaye peke yake. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Wanunuzi wakabaki na sahani nzuri, nzima, ing'aayo, isiyo na kazi. Kisha wengine wakaona hata leseni zao zimefutwa katika akaunti. Hapo swali la mwaka 2004, kwamba sahani itakuwa nini siku mitambo itakapofungwa, lilipata jibu lake. Mwezi wa Aprili Ross Scott, Mmarekani anayetengeneza filamu za michezo, alianzisha harakati iliyodai kwamba kampuni ikiacha kuuhudumia mchezo iuache katika hali ya kuchezeka. Maombi ya raia wa Ulaya yaliyotokana na harakati hiyo yalifunguliwa Julai 2024, na yalipofungwa Julai 2025 yalikuwa yamepita sahihi milioni 1 zinazotakiwa.

Na sheria ilisema nini? Ilisema mambo mawili yasiyolingana. Mwaka 2012 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba programu ya kompyuta iliyouzwa kwa kupakuliwa yaweza kuuzwa tena na mnunuzi, mradi asibaki na nakala yake. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ilifuata mwendo huo juu ya michezo ya Steam. Lakini mwaka 2022 mahakama ya rufani ikatengua, kwa hoja kwamba mchezo si programu tu bali ni kazi yenye picha, muziki na hadithi pia. California ilishika njia nyingine. Sheria yake iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inamkataza muuzaji wa vitu vya dijiti kutumia neno "nunua" asipomweleza mteja waziwazi kuwa anapewa leseni. Steam haikungoja siku hiyo. Tangu Oktoba 2024 iliweka mbele ya mlipaji tangazo kwamba alipialo ni leseni. Sheria hii haikumpa mchezaji mali yoyote. Ilimpa ukweli tu. Lakini ukweli nao ni kitu, na biashara iliyokuwa imekaa miaka ishirini bila kuusema kwa herufi kubwa ilikuwa na sababu yake.

Nikipima maoni ya pande zote naona kila upande una sehemu ya haki. Kampuni husema kuwa seva hugharimu fedha, na kwamba haziwezi kufungwa nira ya kuhudumia watu wachache milele. Kweli, hapana mwenye akili adaiye hivyo. Aliyeridhika husema kwamba mchezo ni kama tikiti ya tamasha: amecheza, amefurahi, yatosha. Hii nayo ni kweli kwake, maana kila mtu ni hakimu wa furaha yake. Lakini tikiti imeandikwa tikiti, na aingiaye anaijua saa ya kutoka. Mchezaji wa Steam, wa The Crew na wa maduka yaliyofungwa hakuonyeshwa saa hiyo alipolipa. Kosa halimo katika kukodisha. Kukodisha ni biashara halali tangu kale. Kosa limo katika kukodisha kwa jina la kuuza na kwa bei ya kuuza.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Mchezo, kama kitabu na wimbo, ni ushuhuda wa watu waliouumba na wa zama zao. Vitabu vya kale vilivuka karne kwa kuwa nakala zilikuwa nyingi na wenye kuzishika walikuwa wengi. Ikiungua maktaba moja, nyingine ilibaki. Duka lisilo mlango hukusanya nakala zote chini ya ufunguo mmoja. Mwaka 2009 Amazon ilivifuta katika mashine za wasomaji vitabu viwili vya George Orwell kwa sababu ya ugomvi wa haki ya kunakili. Ikawarudishia fedha, lakini wasomaji walijifunza kuwa mkono wa muuzaji waweza kuingia nyumbani usiku. Na Oktoba 2024 ofisi ya haki za kunakili ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwapelekea watafiti michezo ya zamani kwa mbali. Basi mnunuzi hapewi kuitunza, maktaba hazipewi kuieneza, na mwenye mali huiacha ikafa. Nani atabaki kuikumbuka?

Wachezaji waliodhihakiwa kwa kugombea vitu vya kuchezea walikuwa wakigombea neno. Walitaka "kununua" kubaki na maana yake, au kama haina maana hiyo tena, liondolewe kibaoni. Leo vitabu, nyimbo na filamu zimekwisha ingia katika duka lile lile. Siku jembe litakapoingia, mkulima atayafahamu manung'uniko yao.