Treni yetu inaishia kwenye maji

Bandugu, kwenye mkutano uliopita kijana mmoja aliuliza: «Bababu bali kuya namna gani toka Kasai, na barabara haikukuwa?» Wazee wakacheka. Walikuja na gari ya moshi, mwanangu. Lakini hata hiyo gari ilikawia.

Katanga ya kala ilikuwa kama kisiwa pasipo bahari. Reli ya kwanza haikutoka Kinshasa. Ilitoka kusini, kwa Waingereza, ikapita Sakania na kufika Élisabethville mwaka 1910. Mtu wa Kinshasa akitaka kuja huku, alipanda boti mpaka Kisangani, akashuka juu ya maporomoko, akapanda treni mpaka Ubundu, boti tena mpaka Kindu, treni mpaka Kongolo, halafu boti ya Lualaba mpaka Bukama. Pale ndipo reli ya kusini ilifika mwaka 1918. Fikiria mizigo na watoto!

Mwaka 1928 BCK ikamaliza reli ya Bukama mpaka Ilebo. Hapo pia ni maji: mto Kasai, na boti ya Kinshasa. Upande wa Kalemie, reli inaishia ziwani, ng'ambo kuko Kigoma. Njia ya Dilolo, iliyofunguliwa 1931, inafika bahari bila kupanda boti, lakini ni Lobito, kwa watu wa Angola.

Reli ya 1928 njo ilileta babu zetu wengi. Waliandikwa kazi Kasai na Lomami, wakaja kwenye mashimo ya Union Minière na kwenye reli yenyewe. Watoto wao wakazaliwa hapa, wakasoma hapa, Tshiluba wakikisikia kwa bibi tu.

Halafu 1992 na 1993. Likasi kwanza, kisha Kolwezi. Watu waliitwa bilulu, wakatolewa katika nyumba zao, wakalala kwenye vituo vya treni majuma kwa majuma wakingojea mabehewa. Wengi walikufa palepale au njiani, zaidi watoto. Waliobaki walipelekwa «kwao», Mwene-Ditu, Kananga, mahali wengine hawakukanyaga hata siku moja. Mama mmoja wa chama chetu anasema: «Hapa balinambia, rudia kwenu. Nafika kwetu, banauliza, weye njo nani?»

Yeye alirudi Kenya baada ya miaka sita, kwa reli ileile, amekaa juu ya magunia ya mahindi. Siku hizi treni ikichelewa juma zima vijana wanaifanyia mzaha. Yeye hacheki. Anauliza tu kama watu wamepata maji ya kunywa.

Chama kimeanza daftari la waliobaki kwenye vituo. Kama uko na jina, tiketi au picha, leta kwa karani siku ya mkutano. Hata jina la mtoto ambaye hakubatizwa, tutaliandika.