Suti ya Joto Ilipita Maungu Kabla ya Kufika Florence

Wasee wa pamba, tuongee ukweli. Ukimwambia kijana wa Voi au Mombasa achague suti ya kuvaa kwenye joto, kichwa kinaruka moja kwa moja hadi Italia: koti la samawati lililobana, suruali inayoishia juu ya kifundo, viatu bila soksi, miwani nyeusi. Luku iko fiti, sikatai. Shida yangu ni kwamba tunaivaa kama wageni, kana kwamba nguo nadhifu ya joto ni kitu tulichoonyeshwa juzi kwenye simu. Mimi nasema sehemu kubwa ya hiyo stori ilipita hapa kwetu, tena kwa miguu.

Kwa nini nalileta hili sasa? Kwa sababu ya maonyesho. Pale Florence kuna Pitti Uomo, maonyesho ya biashara ya nguo za wanaume yaliyoanza 1972. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, Januari na Juni, ndani ya ngome ya zamani inayoitwa Fortezza da Basso. Wenye maduka wanakuja kununua, wenye kamera wanakuja kupiga picha waliovaa. Januari 2016 waliweka onyesho maalum la Afrika, na waliopanda jukwaani walikuwa wabunifu wa Afrika Kusini na wenye asili ya Nigeria. Afrika Mashariki, zii. Sasa fikiria fundi kijana kutoka Maungu amepata nafasi ya kwenda huko mwezi wa Juni, wakati Florence inaweza kuchoma kuliko Mombasa. Au anaenda tu maonyesho ya Nairobi. Kabla hajafungua begi la sampuli zake, watu wameshamsoma kwa alichovaa. Achague nini?

Tuanze na kitambaa. Kabla ya reli, kabla ya lami, Maungu ilikuwa kituo cha maji. Misafara iliyotoka Mombasa ilivuka nyika kavu ya Taru, na wapagazi walikuwa wanahesabu hatua hadi wafike kwenye maji ya mlima wetu. Joseph Thomson, yule Mskoti aliyekwenda Umaasaini 1883, alipita hapa. Kwenye mabega ya wapagazi wa misafara ile kulikuwa na shanga, waya, na marobota ya nguo. Nguo iliyotawala ni merikani, pamba nzito isiyopaushwa. Ilibeba jina la Marekani kwa sababu meli za Salem, Massachusetts, ziliileta Zanzibar, na 1833 Marekani ikaandikiana mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba yao, vitambaa vya Uingereza na India vikachukua soko. Jina likabaki merikani hadi leo. Kwa hiyo, biashara ya nguo ya dunia nzima ilikuwa inakunywa maji Maungu miaka mingi kabla babu zetu hawajaona gari moshi.

Halafu ikaja kaki. Neno lenyewe limetoka Kiajemi na Kiurdu, maana yake rangi ya vumbi, na wanajeshi wa Uingereza kule India ndio walioanza kuivaa katikati ya karne ya 19. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, na kufikia 1898 ilikuwa imefika Tsavo. Pamoja na reli yakaja maduka ya Wahindi, na kwenye baraza za maduka, cherehani. Kisha 1914 vita vikaja mpaka mlangoni. Wajerumani waliishika Taveta Agosti ile ile. Waingereza wakajenga reli ya vita kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta. Februari 12, 1916 walipigwa vibaya kwenye kilima cha Salaita, hapa hapa Taita Taveta.

Sasa angalia waliovaa nini. Ofisa alikuwa na koti la kaki lenye mifuko minne na mshipi kiunoni: jepesi, pana kwapani, mifuko ya kubebea ramani na risasi. Askari wa KAR alipewa kaki na kaptula, mara nyingi bila viatu. Mpagazi wa Carrier Corps, aliyebeba chakula na risasi za wote hao, alikuwa na cha kwake kidogo sana, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi nyumbani. Majina yao mengi yamepotea, lakini kikosi chao bado tunakitaja kila siku: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimetokana na Carrier Corps. Ndiyo, ile Kariakoo ambako nusu ya Dar inaenda kununua nguo.

Na watu wa Kasigau, mlima tunaouona kutoka Maungu? Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku kuwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Kwa hiyo mtu wa hapa akiniambia, "Bro, kaki ni nguo ya mkoloni, mimi siigusi," namwelewa kabisa. Ana haki ya kusema hivyo.

Lakini fuatilia koti lile lilikoenda baada ya vita. Wawindaji matajiri waliokuja Kenya miaka ya 1920 na 1930 walilifanya vazi la safari. Angalia hata neno: safari ni letu. Hollywood ikalivalisha waigizaji wake. Mwaka 1968 Yves Saint Laurent wa Paris akaligeuza fasheni ya wanawake, picha zikazunguka dunia. Kufikia miaka ya 1970 suti ya safari ilikuwa inavaliwa na wanaume wa ofisini kutoka London mpaka Sydney. Kila mtu alikula kwenye hilo koti isipokuwa mahali lilipolowea jasho.

Hapo ndipo Waafrika wakalichukua tena, na hii sehemu ndiyo naipenda. Kenneth Kaunda, rais wa Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, alilivaa sana hadi likapata jina lake: mikono mifupi, kola wazi, bila tai, suruali ya kitambaa kile kile. Tanzania, Nyerere na viongozi wenzake walivaa suti za namna hiyo hadi zikawa kama sare ya uongozi. Zaire, Mobutu alikwenda mbali zaidi: kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 suti na tai za Kizungu zilipigwa marufuku, wanaume wakavaa abakosti, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa ya kusema "suti ishindwe". Amri hiyo ilidumu hadi 1990. Mimi sipendi mtu aniamrishe nivae nini, awe mkoloni au Mobutu. Ila wazo lenyewe lilikuwa na akili: mtu anaweza kuwa rasmi bila kujifunga kitambaa shingoni kwenye jua la saa sita.

Sisi Kenya je? Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliwakataza wabunge kuingia Bungeni na suti za Kaunda na mavazi ya kitamaduni. Mwanaume avae koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Mwaka ule ule Rais Ruto alikuwa anazidunga Kaunda suti karibu kila wiki, mafundi wa mtaa wakapata kazi ya kuzishona. Yaani nguo inayomtosha rais haitoshi mlango wa Bunge! Kanuni ile ilirithiwa kutoka Westminster, mji wa baridi, na tumeilinda kuliko tunavyolinda viwanda vyetu.

Maana viwanda navyo vina stori yao. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, mtumba ukajaa na viwanda vya nguo kama KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret vikaanguka. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007 na ikazinduliwa upya 2019. Silaumu mtumba, umetuvisha wengi na umesomesha watoto. Lakini umetufundisha kuvaa koti lililopimwa kwenye bega la mtu mwingine.

Na hapa Maungu mambo ni ya kushangaza zaidi. Upande wa Rukinga, Wildlife Works waliweka karakana ya kushona nguo ili watu wapate riziki nyingine badala ya kuchoma makaa. SOKO Kenya, nao upande huo huo, wameshona nguo za ASOS, kampuni ya London. Kwa hiyo kuna vijana Ulaya wamevaa Maungu bila kujua Maungu ni wapi, na kuna vijana Maungu wanaotafuta mtandaoni jinsi ya kuvaa kama Ulaya. Mikono ya kushona tunayo. Kilichokosekana ni jina letu kwenye lebo, na hiyo ndiyo kazi ya maonyesho: kwenda kuuza jina.

Kwa hivyo fundi wangu wa kufikirika namfungia begi hivi. Siku ya kwanza, suti ya Kaunda ya pamba, na rangi isiwe kaki ya jeshi. Iwe nyekundu ya udongo wetu, ule unaopaka hadi ndovu wa Tsavo. Akate mabega bila pedi, mifuko miwili ya chini tu, kwapa liwe na nafasi. Hilo ndilo jibu langu kwa anayesema kaki ni ya mkoloni: umbo tunalichukua, rangi tunaweka yetu. Siku ya pili, koti la kitani lisilo na bitana, juu ya shati la merikani. Kitani kitakunjika, wacha kikunjike, ndiyo kazi yake. Shingoni kikoi badala ya tai. Siku ya tatu, kama ana mwaliko wa jioni, kanzu nyeupe na koti juu yake, kama wazee wa Pwani wanavyoenda harusini. Hiyo ni suti ya joto iliyokamilika zamani sana, na hakuna Mwitaliano wa kukufundisha kuivaa.

Vyote vishonwe na fundi wa hapa, kwa vipimo vyake mwenyewe, na ndani ya kola ishonwe lebo ndogo iliyoandikwa Maungu. Mnunuzi akiuliza hilo ni jina gani, hapo ndipo biashara inaanza, na fundi ana stori ya kumpa kuanzia merikani hadi leo.

Wewe ungeongeza nini kwenye hilo begi? Na ule wimbo wa "Kaunda suti ni ya wazee", nieleze vizuri, maana mimi bado sijashawishika.