Owen na Mzee: Je, ni Hurafa?

Mtahiniwa, si kila hadithi ya wanyama ni hurafa. Chukua Owen & Mzee, kitabu cha picha cha watoto kilichotoka mwaka 2006. Kisa chake ni cha kweli. Mto Sabaki ulifurika, kiboko mchanga akasombwa hadi baharini Malindi. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, wavuvi na wakazi walimwokoa kwa nyavu, akapelekwa Haller Park, Mombasa. Huko akamwandama kobe wa miaka 130 hivi kama mamaye. Kobe akamkimbia, kwa mwendo wa kobe! Watoto hucheka. Hata hivyo, wanyama hawa hawasemi wala hawahadaani kama Sungura na Fisi. Kicheko hiki kimezaliwa na maafa: kiboko alitengana na wenziwe. Unapoeleza ucheshi wake, usilisahau chozi.