Jean Seberg, Sinema na Jalada la FBI

Jean Seberg alizaliwa tarehe 13 Novemba 1938 katika mji mdogo wa Marshalltown, jimbo la Iowa, Marekani, na alifariki Paris mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 40. Vitabu vingi vya historia ya sinema humtia katika kundi la nyota wa kike walioshindwa kuhimili umaarufu: ndoa zilivunjika, pombe ikamzidi, dawa za usingizi zikammaliza. Hayo yote yalitokea. Hata hivyo, maelezo ya namna hiyo huacha jambo zito kuliko yote. Seberg ni miongoni mwa waigizaji wachache ambao mpango wa serikali wa kuwaharibia jina umebaki kwa maandishi, ukiwa na tarehe na ofisi iliyouandika. Makala haya yanadai kwamba taabu zake hazielezeki kwa tabia yake peke yake, na kwamba anayetaka kuyaelewa maisha yake hana budi kulisoma jalada lake la FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, kwa makini yaleyale anayoyatumia kuzitazama filamu zake.

Baba yake alikuwa na duka la dawa na mama yake alikuwa mwalimu. Familia ilikuwa ya Kilutheri, yenye kushika dini na kuheshimiwa mjini. Akiwa na umri wa miaka 14, Seberg alijiandikisha kuwa mwanachama wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani Weusi. Hatua hiyo haikuwa ya kawaida kwa msichana Mzungu wa mji wa aina ile, na ina uzito katika hoja inayofuata. Waliodai baadaye kwamba siasa zake zilikuwa mtindo wa Hollywood, au udhaifu wa mwanamke aliyerubuniwa na wanaume, walipaswa kwanza kueleza kadi ile ya uanachama aliyoikata miaka mingi kabla hajakutana na yeyote kati ya wanaume hao.

Aliingia katika sinema kwa kishindo. Mwaka 1956 mwongozaji Otto Preminger alitangaza kwamba anatafuta msichana asiyejulikana wa kuigiza Joan wa Arc katika filamu ya Saint Joan, iliyotokana na tamthilia ya George Bernard Shaw. Inakadiriwa kuwa wasichana 18,000 walijitokeza, na Seberg, aliyekuwa na uzoefu wa maigizo ya shule na majukwaa madogo tu, ndiye aliyechaguliwa. Preminger alijulikana kwa ukali. Alimfokea mbele ya watu na kumrudisha katika tukio lilelile mara kwa mara hadi machozi yakamtoka. Walipokuwa wakipiga tukio la kuchomwa kwa Joan, gesi ililipuka na moto ukamwunguza mwili kweli. Filamu ilipotoka mwaka 1957, wahakiki waliishambulia, na lawama nyingi zikamwangukia yeye. Filamu ya pili ya Preminger, Bonjour Tristesse ya 1958, haikupokewa vizuri zaidi nchini Marekani. Kabla hajafikisha miaka 20 alikwisha kuhukumiwa kwamba hajui kuigiza.

Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Preminger alimtaka Seberg awe na sauti kubwa ya jukwaani na hisia zinazoonekana kwa mbali, vitu ambavyo hakuwa navyo. Alichokuwa nacho ni uso uliotulia mbele ya kamera, usiomweleza mtazamaji kila kitu, na namna ya kutamka maneno bila kuyapamba. Vijana wa jarida la Cahiers du cinéma mjini Paris waliliona hilo mapema, na mmoja wao, Jean-Luc Godard, akamchukua kwa ajili ya filamu yake ndefu ya kwanza, À bout de souffle, iliyoonyeshwa mwaka 1960. Ndani yake Seberg ni Patricia, mwanafunzi wa Kimarekani anayeuza gazeti la New York Herald Tribune katika barabara ya Champs-Élysées, nywele zimekatwa fupi kama za mvulana. Godard alisema kwamba Patricia ni mwendelezo wa mhusika ambaye Seberg alimwigiza katika Bonjour Tristesse. Kamera ya Raoul Coutard ilibebwa mkononi, sauti ikaingizwa baadaye, na mazungumzo mengine yaliandikwa siku ileile ya kupiga picha. Katika mazingira hayo ule utulivu uliodhaniwa kuwa upungufu ukawa ndio uti wa mgongo wa filamu, kwa kuwa mtazamaji hajui hadi mwisho kama Patricia anampenda mwanamume ambaye yeye mwenyewe anamsaliti kwa polisi.

Ushahidi wa kipaji chake ulio wazi zaidi ni Lilith, filamu ya Robert Rossen ya mwaka 1964. Seberg aliigiza mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, mwanamke anayemvuta taratibu mhudumu wake kijana, aliyeigizwa na Warren Beatty, hadi naye anapoteza mwelekeo. Uigizaji huo ulimpatia uteuzi wa tuzo ya Golden Globe. Baadhi ya waandishi wameisoma filamu hii kama utabiri wa maisha yake mwenyewe. Usomaji huo ni mwepesi mno. Humnyima mwigizaji sifa ya kazi yake kwa kuichukulia kazi hiyo kuwa dalili ya ugonjwa.

Mwaka 1962 Seberg aliolewa na Romain Gary, mwandishi mashuhuri wa Kifaransa aliyewahi kuwa konseli mkuu wa Ufaransa mjini Los Angeles, na wakapata mtoto wa kiume. Aliendelea kufanya kazi pande zote mbili za Atlantiki, na mwishoni mwa muongo Hollywood ilimrudisha kwa nguvu: Paint Your Wagon ya 1969, kisha Airport ya 1970, mojawapo ya filamu zilizoingiza fedha nyingi zaidi mwaka huo. Mfuatano huu wa miaka ni muhimu. Kampeni dhidi yake ilianza wakati yuko kileleni kibiashara. Haikumkuta nyota aliyekwisha kufifia.

Kilichoivutia FBI ni fedha zake na watu alioshirikiana nao. Mwaka 1968 alifahamiana na Hakim Jamal, mwanaharakati aliyekuwa na uhusiano wa kifamilia na Malcolm X, na akachangia shule aliyokuwa akiiendesha kwa ajili ya watoto Weusi. Alichangia pia chama cha Black Panther, kilichoanzishwa Oakland mwaka 1966, ambacho pamoja na kubeba silaha hadharani kilikuwa kikiwapa watoto maskini kifungua kinywa bure. FBI yenyewe ilikadiria kuwa michango yake kwa chama hicho ilifikia takriban dola 10,500. J. Edgar Hoover, mkuu wa idara hiyo, alikiona chama hicho kuwa hatari kubwa kwa usalama wa nchi. Tangu mwaka 1956 idara ilikuwa na mpango wa siri ulioitwa COINTELPRO, uliokusudiwa kuvuruga makundi ya kisiasa yasiyotakiwa kwa barua za uongo, fitina na uvumi. Simu za Seberg zilinaswa na nyendo zake zikafuatiliwa.

Tarehe 27 Aprili 1970 ofisi ya FBI ya Los Angeles iliandikia makao makuu kuomba ruhusa. Seberg alikuwa mjamzito. Ofisi ilipendekeza waandishi wa safu za udaku wapenyezewe habari kwamba mimba hiyo ni ya Raymond Hewitt, kiongozi wa Black Panther aliyejulikana kwa jina la Masai, na ikaeleza lengo bila kuficha: kumwaibisha na kumshusha hadhi mbele ya umma. Makao makuu yalijibu mwanzoni mwa Mei. Hayakukataa. Yaliagiza tu isubiriwe kama miezi miwili hadi mimba ionekane, ili chanzo cha habari kisijulikane, na yakasisitiza kwamba mfadhili huyu lazima adhibitiwe. Anayesoma barua hizo mbili pamoja hawezi kusema kwamba ni kazi ya ofisa mmoja aliyevuka mipaka. Huo ni utaratibu wa kawaida wa ofisi: ombi, idhini, masharti.

Uvumi haukungoja miezi miwili. Tarehe 19 Mei 1970 Joyce Haber wa Los Angeles Times aliandika habari ya mwigizaji asiyetajwa jina, lakini mwenye sifa zilizomwelekeza kila msomaji kwa Seberg. Hati zilizopo hazionyeshi mkono uliomfikishia Haber habari hiyo, na wanaoitetea FBI hulishikilia pengo hilo pamoja na agizo la kusubiri. Lakini maudhui ya safu ile ni yaleyale ya barua ya Aprili, na yalitoka katika mji uleule uliokuwa na ofisi iliyoomba ruhusa, wiki tatu tu baadaye. Katika toleo la tarehe 24 Agosti jarida la Newsweek lilivuka hatua ya mwisho na kumtaja kwa jina. Hapa lawama haiwezi kuishia kwa FBI. Uvumi wa ofisini ni karatasi tu mpaka mhariri aukubali, na hakuna mhariri katika mlolongo huo aliyesimamisha habari kwa kukosa uthibitisho. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Waliopanga uvumi ule walitegemea fikra hiyohiyo miongoni mwa wasomaji.

Seberg alijifungua mtoto njiti wa kike kwa upasuaji mjini Geneva tarehe 23 Agosti. Mtoto, aliyeitwa Nina, alifariki baada ya siku mbili. Gary, ambaye ndoa yao ilikuwa imekwisha kuvunjika, alijitangaza hadharani kuwa baba, ingawa waandishi wa wasifu wanaeleza kwamba mtoto alikuwa wa mwanamume aliyekutana na Seberg Mexico alipokuwa akipiga filamu ya Macho Callahan. Seberg aliusafirisha mwili hadi Marshalltown na kuamuru jeneza liwe wazi, ili watu wa mji wake waione rangi ya mtoto kwa macho yao.

Tendo hilo linastahili kufikiriwa kuliko linavyofikiriwa kwa kawaida. Uvumi ule ulikuwa na nguvu kwa sababu moja: katika Marekani ya 1970, mwanamke Mzungu kubeba mimba ya mwanamume Mweusi ilionekana kuwa aibu. Ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Loving mwaka 1967, ibatilishe sheria za majimbo zilizokataza ndoa kati ya Wazungu na Weusi. Idara ya serikali iliichukua chuki hiyo ikaigeuza silaha. Seberg, aliyeipinga chuki hiyo tangu utotoni, alilazimika kujitetea kwa mantiki yake: kuthibitisha kwamba mtoto hakuwa Mweusi, kana kwamba angekuwa Mweusi pangekuwa na kosa. Ukatili wa mpango ule uko hapa hasa. Ulimnyima jibu ambalo lisingesaliti imani yake. Kumlaumu kwa jeneza lile ni kumtaka mama mwenye msiba wa siku chache awe na ujasiri ambao taifa zima halikuwa nao.

Yeye na Gary waliishtaki Newsweek mjini Paris na kushinda. Fidia ilikuwa takriban dola 10,800. Macho Callahan ikawa filamu yake ya mwisho ya Kimarekani. Aliigiza Ulaya katika miaka ya 1970, akaongoza filamu fupi, akaolewa na Dennis Berry mwaka 1972, lakini pombe na mfadhaiko vilizidi, na Gary alisimulia kwamba alijaribu kujiua mara nyingi karibu na siku ya kumbukumbu ya Nina. Alitoweka tarehe 30 Agosti 1979, na mwili wake ukakutwa ndani ya gari lake mjini Paris tarehe 8 Septemba. Polisi waliona uwezekano mkubwa ni kwamba alijiua.

Je, FBI ndiyo iliyomuua? Gary alisema hivyo mbele ya waandishi wa habari siku mbili baada ya mwili kupatikana. Mtafiti hana budi kuwa na tahadhari zaidi. Tiba haiwezi kuthibitisha kwamba uvumi ulisababisha uchungu wa mapema. Seberg alikuwa na udhaifu wake hata kabla ya 1970, na miaka tisa ni mirefu. Lakini hata tahadhari hiyo haiisafishi idara. Uovu wa mpango hupimwa kwa kile ulichokusudia, na kilichokusudiwa, yaani kuliharibu jina lake na kukata msaada wake kwa chama halali, kimeandikwa. FBI ilikiri mpango huo wiki moja tu baada ya mwili kupatikana, na mkurugenzi wa wakati huo, William Webster, akasema mbinu za aina hiyo zimeachwa kabisa. Hakuna ofisa aliyeshtakiwa kwa uvumi huo.

Filamu ya Seberg, iliyotoka mwaka 2019 na kumpa Kristen Stewart nafasi ya kumwigiza, iliirudisha habari hii kwa watazamaji wapya. Hata hivyo, waliotunga hadithi yake waliongeza ofisa kijana wa FBI anayesumbuliwa na dhamiri kwa yale anayoyafanya. Mhusika huyo ni wa kubuni, na barua za Aprili na Mei 1970 hazina hata mstari mmoja wa dhamiri ya aina hiyo.