Kioo Katika Kilindi: Kamera ya Zamani na Kamera ya Sasa

Mwaka 1893, katika bahari ya Banyuls-sur-Mer kusini mwa Ufaransa, mwanachuoni wa elimu ya wanyama aliyeitwa Louis Boutan alizama na vazi zito la wapiga mbizi wa zama zile, kamera yake ikiwa imefungwa ndani ya kasha lisilopenya maji, akangoja mara nyingine hata nusu saa ili bamba moja lipate nuru ya kutosha. Nuru ya jua ilipomwia haba, alitumia taa iliyowekwa juu ya pipa lililojazwa oksijeni, ikipuliziwa unga wa magnesi. Juhudi hiyo yastahiki heshima, walakini shida moja haikuondoka: jicho la mzamiaji na jicho la kamera yalitazama mbalimbali.

Shida hiyo ilidumu hata katika Nikonos ya mwaka 1963, iliyotokana na kamera Calypso ya Mbelgiji Jean de Wouters, ambayo haikuhitaji kasha kwa kuwa mwili wake wenyewe ulizuia maji. Mzamiaji alitazama kwa tundu lililokuwa mbali na lenzi, akakisia masafa kwa macho, ilhali maji huhadaa macho kwa kukileta kila kitu karibu zaidi kwa kadiri ya robo. Na akishamaliza picha zake 36, hakuwa na budi kupanda juu.

Kwa hiyo kioo kilichoinamishwa nyuzi 45 nyuma ya lenzi, ambacho huirusha taswira mpaka kwenye jicho la mpigaji, kilikuwa neema kubwa. Nikonos RS ya mwaka 1992 ilikitia ndani ya kamera ya majini, na ilipokuja enzi ya dijitali, kamera ya dijitali yenye kioo hicho, yaani DSLR, ndani ya kasha la alumini ikawa ndiyo ala ya mastadi. Lakini kioo hurusha nuru iliyopo tu, hakiongezi. Na katika kiza cha pangoni, au chini ya wingu la mchanga, taswira huwa hafifu.

Kamera isiyo na kioo, ambayo Panasonic iliianzisha kwa G1 mwaka 2008, na ambayo Nikon na Canon waliingia kwa dhati katika kuiunda kwa sensa kubwa mwaka 2018, huikuza nuru hiyo kwa umeme kabla haijafika kwenye jicho. Hiyo ndiyo tofauti yenye maana chini ya maji, kuliko wepesi unaosifiwa madukani, maana kasha hubaki zito vilevile. Nayo ina masharti yake: atumiaye flashi asipoizima hali ya kuonyesha picha kama itakavyotoka, huona kiza kitupu, na betri huisha upesi, hata ikambidi alifungue kasha katikati ya mashua, ambako unywele mmoja ukinasa juu ya mpira wa kuzibia watosha kuiangamiza kamera nzima.

Kasha huchongwa kwa kamera ya namna moja tu, na aghalabu bei yake hulingana na ya kamera au huipita. Anayehamia kamera mpya hana faida na kasha la kale, basi huliuza pamoja na kamera yake kwa bei ya chini. Mimi, kwa mtu wa kipato cha wastani, ningeshauri bila kusita anunue DSLR ya namna hiyo, iliyo kamili pamoja na vioo vya mbele vya kasha, na fedha inayosalia aitie katika flashi mbili nzuri, kwa sababu maji huimeza rangi nyekundu katika mita chache za kwanza, na hakuna kamera iwezayo kuirudisha kikamilifu isipokuwa kwa nuru iliyochukuliwa huko chini. Lakini anayewinda wadudu wa baharini wadogo kama punje ya mchele, tena usiku, na awe na kamera isiyo na kioo, kama uwezo anao.

Kasha la mkono wa pili libadilishwe mipira kwanza, kisha lizamishwe tupu, na karatasi kavu ndani yake. Likipanda na karatasi ingali kavu, ndipo kamera itiwe.